Winchi nzuri, waliyonifungia vibaya, na sijui nitoe nyota ngapi

Msinunue winchi hii ya kuvutia gari kwa kamba. Nimeanza na hilo kabla hasira haijashuka, maana ikishuka nitaanza kuitetea.

Niliinunua kwenye duka kubwa la vifaa vya magari hapa Nairobi, lenye picha za mashindano ya magari ya Rhino Charge ukutani, magari yamejaa vumbi na matope, mengine yamebinuka kwenye majabali. Nilizitazama picha hizo huku nikilipa. Nikaongeza na hela ya kufungiwa, kwa sababu waliniambia mafundi wao ndio wanaofungia timu za mashindano, na kwamba fundi wa nje akiigusa tu, waranti imekufa. Niliwaambia waziwazi kabisa: hii ni ya Charge. Wakaniambia nimefika mahali penyewe.

Kwa wasioyajua mashindano haya, yanafanyika kila mwaka karibu na Madaraka Dei, na hakuna anayepewa kombe kwa kuwahi. Mna muda wa saa 10 kufikia vituo 13 vilivyotawanywa porini, na anayeshinda ni aliyevifikia vyote kwa kilomita chache kuliko wengine. Kwa hiyo korongo ambalo dereva wa kawaida angelizunguka bila kufikiria mara mbili, sisi tunalishuka na kulipanda upande wa pili, maana kulizunguka ni kilomita, na kila kilomita inahesabiwa. Hapo ndipo winchi inapoingia. Gari halipandi ukuta wa udongo kwa matairi peke yake.

Na pesa zinazochangwa zina kazi. Rhino Ark, shirika la uhifadhi, walizitumia kuzungushia milima ya Aberdare ua wa umeme wa karibu kilomita 400, ukakamilika mwaka 2009, na baada ya hapo wakaendelea na Eburu na Mlima Kenya. Shangazi yangu analima upande wa Nyeri, chini ya msitu. Zamani alikuwa akilala shambani akipiga debe usiku kucha msimu wa mahindi, na bado ndovu walikula. Siku hizi analala nyumbani kwake. Kwa hiyo ninapopita ofisini na kanisani nikiomba michango ya timu, najua ninaombea nini, na waliochanga walinikabidhi pesa zao wakitarajia tutafika vituo vyote. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwenye timu kazi yangu ni kamba. Binamu yangu ndiye dereva, na dada mmoja ambaye tumeshindana naye kwa muda mrefu hushika ramani na, tukifika kwenye kuvuta, rimoti. Wawili wengine hukimbia mbele kutafuta njia. Mimi hubeba kulabu, napanda nayo mlima, natafuta mti.

Sasa niseme kweli. Asubuhi ile ungeniuliza kuhusu winchi hii ningekwambia kauze ng'ombe ukainunue. Ilivuta kimyakimya, haikunung'unika, ilitutoa kwenye laga mbili, mito mikavu ya mchanga, na kutupandisha kilima cha mawe ambacho hata kwa miguu nilikipanda nikishika vichaka. Mota haikuchemka. Kamba iliyokuja nayo ni ya nyuzi, si ya chuma, na mimi niliyewahi kubeba kamba ya chuma begani kwenye jua la mchana nawaambia sitarudi huko. Ile ya chuma ni nzito, inachoma viganja, na ikikatika inarudi na nguvu ya kuua mtu. Hii ya nyuzi adui wake ni jiwe lenye makali na joto, basi ukiilinda na hayo mawili imekutunza.

Tukafika kwenye korongo. Jua lilikuwa utosini.

Lilikuwa limechimbwa na mvua, kuta zake karibu wima, na juu kuna mgunga mmoja mnene, mmoja tu. Nikapanda na mkanda mpana, ule usiochuna gome, nikauzungushia chini kabisa ya shina, nikafunga kapi kwa pingu ya chuma ya kuunganishia, nikapitisha kamba na kuirudisha kulabu mpaka kwenye gari lenyewe. Kamba ikizunguka kapi hivyo mvuto unakaribia kuwa maradufu na mwendo unapungua nusu. Tena nilikuwa nimetoa kamba karibu yote nikabakiza mizunguko kama 10 tu ya kushikilia, kwa sababu kila safu inayozidi kwenye dramu, lile pipa linalozungushiwa kamba, inaipunguzia winchi nguvu. Nikatupa blanketi zito juu ya kamba. Kila kitu kilikaa inavyotakiwa.

Gari likaanza kupanda. Lilikuwa limekaa mshazari, kwa hiyo baada ya muda kamba ikaanza kujirundika upande mmoja wa dramu. Ikiachwa hivyo inafika mahali inasukumana na vyuma vya fremu, na kitu kinapasuka. Kawaida yetu ni kusimama, kuilegeza, kuipanga upya, kuendelea. Nikainua ngumi, ishara yetu ya kusimama. Dada akaachia kitufe, akaniinulia dole gumba. Nikanyoosha mkono.

Winchi haikusimama.

Injini ilikuwa inanguruma kwa nguvu ili altaneta iilishe betri, vumbi limetanda, na kamba ilikuwa inatembea polepole kwa ajili ya kapi. Sauti ya mota sikuisikia. Nilichohisi ni ncha ya glavu imeshikwa. Nikavuta mkono kwa nguvu zangu zote. Glavu ikaenda, ikapita chini ya kamba, ikazungushwa kwenye dramu mbele ya macho yangu. Vidole nikabaki navyo. Namshukuru Mungu glavu zile zilinizidi kidogo.

Dada akabonyeza kila kitufe. Hakuna kitu. Akachomoa rimoti yenyewe kwenye tundu lake, winchi ikaendelea. Binamu akazima injini, winchi ikaendelea, kwa sababu umeme wake hautoki kwenye injini, unatoka kwenye betri. Ile lenzo ya kuachia dramu haisogei ikiwa kamba ina mzigo, hata upigane nayo vipi. Gari zima, na binamu ndani yake, likawa linajivuta lenyewe kuelekea kwenye mgunga, tairi za mbele zimeshaanza kuning'inia, na kapi linakuja mdomoni mwa winchi. Likifika pale, kitakachokatika ni kamba, au pingu, au mkanda, na sisi wote tumesimama katikati.

Yule dada ndiye aliyetuokoa. Alipanda juu ya bampa gari likiwa limeinama vile, akafungua boneti, akashika spana namba 10 akalegeza kichwa cha betri, akiungua na cheche mikononi. Waya ukatoka. Kimya. Kapi lilikuwa limebakiza hatua chache.

Nauliza, na nitaendelea kuuliza: kwa nini afungue betri kwa spana? Kwenye risiti yangu imeandikwa, kwa mkono wao wenyewe, "waya nene na swichi kuu". Swichi kuu ni kile kidubwasha chekundu unachokizungusha na umeme wote wa winchi unakatika papo hapo. Nililipia. Haikuwepo. Waliporudisha gari niliulizia, nikaambiwa wameifunga ndani kwa usalama, nikiitaka nitaiona nikifungua boneti. Ndani hakukuwa na kitu.

Siku ile tulimaliza na vituo pungufu. Tulitoka kwenye korongo kwa jeki na sururu, jua likiwa limeshaegemea magharibi.

Siku chache baadaye nikarudi dukani. Nilijiambia njiani nizungumze kwa upole, na nilizungumza kwa upole. Kijana wa kaunta akanisikiliza nusu, akasema, "Boss, waranti haihusu mashindano." Nikamwonyesha picha zilizoko nyuma yake ukutani. Akasema hizo ni za matangazo. Nikatoa risiti nikamwekea kidole kwenye swichi kuu. Akasema fundi aliyefunga ameacha kazi. Basi nikatoa glavu. Nilikuwa nimeikwangua kwenye dramu, imekuwa kitambaa, vidole viwili vimekatika kabisa. Nikaiweka juu ya kaunta nikamweleza mkono ulikuwa wapi.

Akaitazama. Akanitazama.

"Lakini mkono si unao?"

Kisha akamgeukia mteja aliyetaka kununua taa za spoti, akaanza kumwambia bei.

Mimi nimejibiwa ovyo na makanga, na kwenye madirisha ya ofisi za serikali, na huwa nasahau nikifika nyumbani. Hili limekataa kusahaulika. Mtu niliyempa pesa zangu anaona kitambaa kilichokuwa mkononi mwangu, halafu pole inamshinda. Nikaomba kumwona mwenye duka. Nikaambiwa niache namba ya simu. Niliiacha.

Winchi nikaipeleka kwa mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari, ambaye gereji yake ni mabati na kivuli cha mti. Waranti ishakufa, sikuwa na cha kuogopa. Akafungua kisanduku cha solenoidi, ile swichi ya umeme inayopokea amri ya rimoti, akanionyesha vipande viwili vya shaba vilivyoyeyuka na kushikana kama vimechomelewa. Hapo ndipo winchi ilipokuwa haisikii rimoti. Nikadhani kazi imekwisha, ni winchi mbovu. Akatikisa kichwa. "Usiisingizie winchi, kijana wangu. Tazama waya hizi."

Waya walizofunga zilikuwa nyembamba, na zimezungushwa njia ndefu isiyo na sababu. Mota ya winchi ikibanwa na mzigo inakunywa ampea mamia. Waya nyembamba haiwezi kupitisha umeme mwingi hivyo bila kuupoteza njiani, kwa hiyo volti zinashuka, na zikishuka solenoidi haina nguvu ya kushika sawasawa. Inashika, inaachia, inashika, inaachia, kila mara cheche zinaruka, mpaka shaba inayeyuka na kuungana. Waya wa athi nao walikuwa wameufunga kwenye bampa, juu ya rangi, badala ya kuurudisha kwenye betri. Mzee alikuna rangi kwa bisibisi akanionyesha bila kusema neno.

Kwa hiyo ile sentensi ya kwanza naifuta. Winchi haina kosa. Mzee ameiwekea solenoidi mpya, waya nene zinazokwenda moja kwa moja, athi mpaka kwenye betri, na swichi kuu nyekundu ambayo dereva anaifikia na wa nje anaifikia. Tumeijaribu Kajiado kwenye makorongo mabaya kuliko lile, tumeivuta mpaka jioni, na kila dada akiachia kitufe inasimama palepale. Ningetoa nyota tano.

Ningetoa, isipokuwa mzee aliniambia jambo jingine nilipokuwa nalipa. Kwamba winchi za aina hii huja na waya zake nene ndani ya katoni, tangu kiwandani. Nikaenda nikatafuta katoni langu stoo. Karatasi ya orodha imo, waya zimeandikwa, na nafasi yake kwenye boksi ni tupu.

Sina ushahidi wa nani alizitoa. Labda zilipotea bandarini. Labda yule fundi aliyeacha kazi aliondoka nazo. Lakini mtu alishika waya nyembamba mkononi, akijua gari linakwenda wapi, akazifunga, na duka likachukua hela ya waya nene. Nikifika hapo kwenye mawazo nyota zote zinarudi mfukoni. Dukani pale nisingenunua hata taulo la kufutia kioo, na winchi hii kama inauzwa pale peke yake, basi narudia: msiinunue, subirini ipatikane kwingine.

Nataka pesa ya ufungaji irudi yote, na waya zangu au thamani yake. Na nataka yule kijana wa kaunta anitazame usoni aombe radhi, mimi na yule dada aliyeungua mikono. Simu hawajapiga. Kisanduku kilichoyeyuka nimekihifadhi pamoja na risiti na picha za waya nilizopiga kabla mzee hajazikata.

Na wewe uliyefungiwa winchi na duka lenye picha ukutani, fungua boneti leo kabla ya Charge. Fuata waya mwekundu kwa mkono kutoka kwenye betri mpaka kwenye kisanduku. Ukiukuta ni mwembamba kuliko kidole chako cha mwisho, au usipoiona swichi popote, mwambie mtu wako wa kamba asiiguse mpaka ibadilishwe.