Kitalu cha mitini Malindi: miche niliyoileta Lamu

Tini tulizozijua sisi Lamu tangu utotoni ni zile kavu, zilizotungwa kama tasbihi, zinazoliwa na tende Ramadhani. Sura ya 95 ya Qurani naisoma tangu chuoni kwa mwalimu, Mwenyezi Mungu anaapa kwa tini na zeituni, na tini mbichi sikuwahi kuitia kinywani mpaka nimefika miaka 41. Basi niliposikia kuna ami mmoja Malindi anaotesha mitini ya aina aina, nilikwenda mwenyewe.

Nilitaka Smirna, kwa sababu tini kavu za Uturuki nyingi ndizo hizo. Akakataa kuniuzia. "Mwanangu, hii itakunywa maji yako bure. Tunda hutalila." Akanieleza kwamba tini ni maua yaliyojifungia ndani, na ya Smirna haiivi mpaka nyigu mdogo aingie na chavua ya mtini dume. Wakulima wa California walihangaika nayo, tunda zikipukutika zikiwa changa, mpaka nyigu hao walipoletwa na kustawi kule mwaka 1899. Kitaluni kwake hana nyigu wala mtini dume. Ule mche mmoja wa Smirna anauweka kwa mapenzi yake tu. Muuzaji anayekuzuia usitoe pesa yako, mimi nampa nyota zote hapo hapo.

Akanichagulia tatu zinazozaa bila nyigu: Brown Turkey, Celeste, na Panachée ile ya milia. Celeste aliitaja kwa ajili ya jicho lake. Chini ya kila tini pana kitundu, na kwenye unyevu wa pwani kitundu kilicho wazi huingiza sisimizi na maji, tunda likachacha mtini. La Celeste limefumba. Kila mche ulikuwa shilingi 700, nami sikuomba kupunguziwa.

Kabla sijalipa alifanya jambo ambalo sijaliona kitalu kingine. Aliupindua mche, akagonga kitako cha mfuko, bonge la udongo likatoka zima mkononi mwake. Akalisogeza karibu na uso wangu. Mizizi myeupe, laini, haina vinundu. Vinundu vile vikiwepo ni kazi ya minyoo ya mizizi, na mtini kwenye mchanga hauna adui mkubwa kuliko hao. Mchanga wetu mnaujua. Ndiyo sababu akanisisitiza nipande kwenye mapipa, juu kwenye sakafu, nisiiguse ardhi ya shamba.

Miche ilikuja kwa basi mpaka Mokowe, gatini upande wa bara, ikavuka kwa boti, ikapandishwa na punda mpaka mtaa wa Langoni. Jani moja tu lilivunjika. Hapo nikajifunza la utomvu: ule weupe uliniingia kiganjani nikiwa juani, na jioni ngozi ilikuwa nyekundu inawasha. Mkishika mtini, vaeni glavu, au fanyeni baada ya Alasiri.

Brown Turkey ilizaa mwezi wa kumi na moja. Huzaa kwenye chipukizi jipya, kwa hiyo nilipoikata ifupike pipani sikupoteza kitu. Kila tini nimeifunga kipande cha chandarua kikuukuu, maana popo wetu hawana subira. Ya kwanza niliitazama siku nne: shingo ikalegea, tunda likainama, na jichoni likatoka tone moja kama asali. Ukiichuma kabla ya hapo haiivi tena, inanyauka tu. Niliigawa na mama yangu nusu kwa nusu. Alikaa nayo mdomoni kimya, halafu akasema, "Hii siyo ile ya dukani hata kidogo."

Sasa kasoro. Majina yameandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa mfukoni, na maji huyafuta. Niliyouziwa kuwa Panachée haikuwa Panachée. Sikungoja tunda kujua: aina hiyo hata vijiti vyake vichanga vina milia ya kijani na manjano, na wangu ulikuwa kijani mtupu. Nilimpelekea picha. Aliomba radhi siku ile ile, akaniletea mwingine bila malipo, ila nauli ya basi na boti nililipa mimi, na miezi mitano ya kumwagilia haikurudi. Kwa mtu anayetafuta aina adimu, jina ndilo analonunua. Hilo linaniuma, na nimemwambia.

Ukienda, nenda asubuhi, omba akugongee mfuko, na Panachée iangalie kijiti kwanza. Huu wa pili una milia, nauona kutoka hapa nilipokaa. Nimemwagiza Celeste mbili zaidi kabla kusi haijaanza, kwa sharti jina alichonge kwenye kibati na kukifunga shinani kwa waya. Amekubali.