Cutty Sark ya Plastiki: Meli Nzuri, Nyuzi Mbovu

Asalaam aleikum jamani, karibuni tena. Leo hakuna simu, hakuna spika, hakuna blenda. Leo meli.

Hebu niisogeze kamera. Hapo. Hii ni Cutty Sark, meli ya matanga ya Waingereza iliyojengwa kukimbiza chai kutoka China. Ya kweli ilishushwa majini Dumbarton, Uskochi, mwaka 1869, na mpaka leo ipo, imepandishwa nchi kavu Greenwich, London, na watu wanalipa kuingia kuitazama. Hii yangu ni ya plastiki, imepunguzwa mara 96. Bodi, yaani kiwiliwili cha meli, la ile ya kweli lina urefu wa mita 64 na kitu. Hili la mezani linafika sentimita 67, na hapo hujahesabu dasturi, ule mti unaochomoza huko omoni, mbele kabisa. Kwa hiyo kabla hujanunua, pima meza. Pima na mlango.

Jina la kampuni nimelibandika karatasi, mnaona. Sijalipwa na mtu na sitafuti ugomvi na mtu. Nitasema nilichokikuta ndani ya boksi hili, basi.

Najua kuna atakayeuliza, Mzanzibari na meli ya Waskochi wapi na wapi? Sikilizeni. Waliokuwa wakiijenga hii, Scott & Linton, walifilisika kabla ya kumaliza, na kazi ikamaliziwa na William Denny and Brothers, hapo hapo Dumbarton. Denny hao hao ndio walioijenga Glasgow, meli ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, mwaka 1878. Ile iliyozamishwa hapa mbele ya Beit el Ajaib tarehe 27 Agosti 1896, kwenye vita vya Waingereza na Zanzibar vilivyokwisha kabla chai haijapoa. Kwenye picha za zamani za bandari yetu mtaona milingoti mitatu imesimama juu ya maji bila meli chini yake. Ndiyo yeye. Ilikaa hivyo mpaka 1912 ndipo mabaki yalipoondolewa. Kwa hiyo ukoo upo. Tuendelee.

Ndani ya boksi mna plastiki nyeusi, plastiki ya kahawia, matanga ya plastiki nyembamba, kitabu cha michoro, na nyuzi. Bodi sina neno nalo: limekaa sawa, pande mbili zinakutana bila kulazimishwa, na mabati ya chini yamechongwa moja moja. Deki nzuri. Vikapi, zile roda za kupitishia kamba, ni vidogo, ninyi mnaona kwa kamera, mimi nimetumia miwani ya kusomea juu ya miwani ya kawaida. Kitabu michoro yake inaeleweka mpaka ukurasa wa milingoti. Kuanzia hapo kila mchoro una mistari na namba zinazopandana, na hupati kujua kamba ipi inatangulia ipi.

Kilichonileta mbele ya kamera ni nyuzi.

Tazameni. Roli mbili, moja nyeusi, moja rangi ya katani. Zote pamba, na zote unene mmoja. Sasa, meli yoyote ya matanga haina kamba za unene mmoja. Kamba inayoshikilia mlingoti mkuu si sawa na ile inayovuta pembe ya tanga dogo la juu kabisa. Hesabu yake si ngumu: unene wa kamba ya kweli, gawa kwa 96. Kamba ya sentimita 5 inakuwa nusu milimita. Kamba ya sentimita 2 inakuwa milimita 0.2, uzi wa kushonea shati. Nyuzi za boksi hili zinakaribia nusu milimita kila mahali, kwa hiyo huko juu kwenye vitanga vidogo utakuwa umefunga amari ya nanga.

La pili, manyoya. Naiweka mbele ya taa... mmeona? Nyoya la nusu milimita kwenye kipimo hiki ni sawa na sentimita 5 za nyuzi zinazoning'inia kwenye kamba ya kweli. Hakuna nahodha angekubali kamba hiyo chomboni.

La tatu, hazitoshi. Kamba za Cutty Sark ya kweli zinakaribia kilomita 18. Gawa kwa 96, unapata mita 180 na ushei. Hata ukiruka nusu ya kamba, na wengi tunaruka, roli hizi zitakuacha njiani.

Na la nne ndilo letu hasa sisi watu wa pwani. Pamba inakunywa unyevu. Uzi uliosokotwa wa pamba ukipata unyevu unavimba na kukaza, ukikauka unalegea. Waingereza wanaojenga hizi huko kwao wana vyumba vyenye joto la mashine. Sisi hapa Mji Mkongwe kuta za chokaa zinatoka jasho, feni inazunguka umeme ukiwepo, na bahari iko dirishani. Ukifunga kamba zako za pamba wakati wa kaskazi, jua kali, ukaziacha zimenyooka vizuri, subiri masika. Zitakaza, na kinachoshindwa si uzi. Ni mlingoti, maana ni plastiki.

Dawa yake ni poliesta. Haijali unyevu. Nendeni Darajani kwenye maduka ya vitu vya ushonaji, mtapata nyeusi na kahawia za kila aina, na bei yake haisumbui. Muuzaji akikwambia hii ni poliesta na wewe una shaka, omba kipande, kiwashe kiberiti nje ya duka. Pamba inaungua na kubaki majivu. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Na kama nyumbani kwenu kuna anayeshona kofia, bibi au shangazi, mheshimuni sana wiki hiyo: sindano zake nyembamba ndizo mtakazozitaka, na jicho lake pia. Mtu aliyezoea kuzungushia uzi vishimo vya kofia ya kiua hatashindwa na kikapi cha milimita tatu. Uzi wake wa kofia lakini mwachieni, mwingi ni pamba.

Kila uzi kabla ya kuufunga, upitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili tatu, halafu uvute katikati ya vidole mpaka upate joto. Manyoya yanalala, na fundo linashika bila kuteleza.

Haya, milingoti. Mlingoti mkuu wa meli ya kweli una mita 46 hivi kutoka deki. Hapa ni sentimita 48 za plastiki, na unataka uvutwe na kamba kutoka pande zote. Unapinda. Ya kweli nayo ilivunjika milingoti mwaka 1916, Wareno walipokuwa wakiimiliki, lakini ile ilikuwa na bahari ya Rasi ya Tumaini Jema ya kuisingizia. Yako itakuwa kidole chako. Kipande cha chini cha mlingoti kwenye seti hii kinakuja nusu mbili za kugandisha, na katikati mna uwazi. Kabla hujazigandisha, tia spoku ya baiskeli. Fundi baiskeli yeyote atakupa ya zamani bure. Ukishaitia, mlingoti haupindi tena, na hili pekee limenifanya niipende seti ambayo ningeirudisha.

Kisha vikapi vyote vifungwe kwenye milingoti na foromali, ile miti ya kubebea matanga, vikiwa bado mezani, kabla ya kusimamisha chochote. Ukishasimamisha mlingoti, mkono hauingii.

Sasa hapa kwenye kamba zenyewe nataka twende taratibu.

Mliokaa na jahazi mnajua kamba zake. Henza na jarari kupandisha foromali, hamarawi kuituliza, demani kushika tanga, na zile za ubavuni zinazoshikilia mlingoti. Za jahazi za ubavuni zinahama: chombo kikigeuza, zinakazwa upande wa joshi, unakotoka upepo, na upande wa pili zinalegezwa ili tanga lipate nafasi. Mabaharia wachache wanamudu yote. Meli hii haiko hivyo. Kamba za kushikilia milingoti hazihami kamwe, zimepakwa lami, ndiyo maana tunatumia uzi mweusi. Za kuvutia matanga na foromali zinatembea, hazina lami, ndiyo maana rangi ya katani. Ukiwa na hili kichwani, kile kitabu cha michoro kinaanza kusomeka, kwa sababu nyeusi zote hutangulia na kahawia zote hufuata.

Anza na nyeusi za ubavuni, mlingoti wa mbele, kulia jozi moja, kushoto jozi moja, kulia, kushoto. Usimalize upande mmoja kwanza. Kila jozi ukiifunga, rudi nyuma hatua mbili, funga jicho moja, tazama milingoti mitatu kutoka omoni. Ikiwa imejipanga mmoja nyuma ya mwengine, endelea. Ukimaliza za ubavuni ndipo utie za mbele zinazoshuka kwenye dasturi, kisha za nyuma. Na usikaze. Mkono wa Mswahili ukishika kamba unataka kuivuta mpaka ilie. Hapa inatakiwa inyooke tu. Kamba ya kumi ukiikaza zaidi, ya kwanza inalegea, na utazunguka hivyo mpaka Ramadhani.

Kati ya kamba za ubavuni kuna ngazi za mabaharia kupandia. Boksi limeleta ngazi za plastiki zilizokwisha tengenezwa. Hizi hapa. Nene, zinang'aa, na hazivutiki, kwa hiyo hazifanyi kazi yoyote ya kuushikilia mlingoti. Nimezitupa. Vipandio nimevifunga mwenyewe kwa uzi mwembamba kabisa, kila kimoja umbali wa milimita 4, maana kwenye meli ya kweli kati ya kipandio na kipandio ni kama sentimita 38. Chora mistari ya milimita 4 kwenye karatasi nyeupe, iweke nyuma ya kamba, fuata mistari. Fundo: zungusha uzi mara mbili kwenye kamba, ncha ipite chini ya mizunguko yake yenyewe, vuta. Kwenye kamba mbili za mwisho, za pembeni, tia tone la gundi. Za katikati hazihitaji.

Ni mafundo mamia kwa mamia. Sitawadanganya, ni kazi ya kuchosha, na kama hupendi kukaa kimya na redio baada ya isha, hapa ndipo utaiacha meli juu ya kabati. Mimi ndiyo sehemu niliyoifurahia kuliko zote. Kila mtu na yake.

Gundi. Tumieni ile nyeupe ya maseremala, iliyopunguzwa kwa maji kidogo, kwa brashi. Ikikauka haionekani, na ukitaka kufungua fundo unalilowesha tu. Supaglu inaacha ukungu mweupe kwenye plastiki nyeusi, na uzi unakuwa mkavu, unakatika ukiugusa. Kibano cha nyusi kinatosha, vibanio vya nguo vya kushikia kamba wakati gundi inakauka, mkasi wa kucha. Seti za vifaa zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya ajabu, sioni haja.

Matanga ya plastiki sitayatia. Ni mazito kwa macho, na yanafunika kazi yote ya kamba. Hata ile ya Greenwich imesimama bila matanga, kwa hiyo hakuna atakayekuambia hukumaliza.

Basi ninunue au nisinunue? Ukiipata bei ya wastani, nunua, kwa ajili ya bodi, deki na milingoti. Hesabu nyuzi na ngazi kuwa hazimo, na utenge pesa ya uzi pembeni. Anayeanza kabisa, na mtoto wa skuli, hii siyo yao. Wao ningewaambia waanze na jahazi la mbao, lile la maduka ya watalii Mji Mkongwe, kisha wazikate kamba zake zote na kuzifunga upya. Mengi yale yamefungwa ili yapendeze kabatini: henza haipiti kwenye kapi, demani imefungwa pasipohusika, foromali haiwezi kushuka hata ungeomba. Mkalisheni mzee yeyote aliyesafiri na chombo, mwekeeni kahawa, awaonyeshe kamba ipi inapita wapi. Kamba ni chache, kosa linaonekana upesi, na foromali ikipanda na kushuka kweli kwa kuvuta jarari, huyo yuko tayari kwa boksi hili.

Kipande kijacho ni hamarawi za foromali zote, inshaallah, umeme ukituruhusu. Paka nimeshamtoa nje.