Uzoefu wangu: kuitafutia Mercedes S500 ya 1996 tairi Nairobi

Tairi za 235/60R16 (upana milimita 235, kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 16) hazikosekani Nairobi. Ukipita Kirinyaga Road utaoneshwa mpya na za mtumba mpaka uchoke, na kila muuzaji atakuapia kwamba zake ndizo zilizoumbiwa gari lako. Lakini kipimo hicho ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni nambari na herufi moja zinazofuata baada yake, na mwenye gari zito anapaswa kuanzia hapo kusoma.

Gari langu ni S500 ya umbo la W140, lile lililotengenezwa kuanzia 1991 hadi 1998. Wengi wetu tulilizoea kwenye misafara ya wakubwa. Likiwa tupu linakaribia tani mbili. Milango peke yake ina vioo viwili viwili ili makelele ya barabarani yasiingie. Ongeza watu watano, mizigo ya kwenda ushago na tangi la lita 100 lililojaa, halafu kumbuka kwamba ukikanyaga breki ghafla sehemu kubwa ya uzito huo huegemea tairi mbili za mbele.

Tairi nilizokuwa nazo zilikuwa bado na mifereji mirefu, ila ubavuni zilishaanza kupasuka nyufa ndogo ndogo kwa uzee. Gari la aina hii halitembei sana, kwa hiyo tairi zake huzeeka kabla hazijawa kipara. Ukitaka kujua umri, tafuta tarakimu nne ubavuni mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 1823 maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2023. Ukiona tarakimu hizo zimesuguliwa, rudisha pesa mfukoni uondoke.

Nilichokuwa natafuta ni 235/60R16 100W. Hiyo 100 inamaanisha kila tairi inabeba hadi kilo 800. W ni mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. Najua utauliza W ya nini, wakati barabara kuu zetu mwisho ni 110. Jibu ni joto. Tairi hupata joto kwa sababu ubavu wake hujikunja na kujikunjua kila inapozunguka, na gari likiwa zito, au upepo ukiwa pungufu, mkunjo unazidi na joto linapanda. Hapa mjini tuko juu zaidi ya mita 1,600 na asubuhi ni baridi, hulioni tatizo. Teremka kuelekea Mtito Andei na Voi saa nane mchana gari likiwa limejaa, ndipo tairi hafifu inapopasuka. Herufi ya mwendo mkubwa ni dalili kwamba tairi imejengwa kuhimili joto zaidi, na mimi nataka akiba hiyo hata kama sitavuka 110.

Duka la kwanza walinipa 225/60R16 98H. "Mkubwa, hii inaingia vizuri tu, tofauti ni kidogo." Kweli inaingia kwenye rimu. Lakini 98 ni kilo 750, yaani kilo 50 pungufu kila pembe, kilo 200 kwa gari zima. Ni fupi pia kwa milimita 12 hivi kwa kipenyo, kwa hiyo spidomita ikisoma 110 wewe uko kama 108. Hilo la mwendo ningelivumilia. La uzito silivumilii.

Duka la pili ndipo nilipokaa nikibishana. Kijana pale, mkarimu na mwenye subira, alinishauri nichukue 235/65R16C, zile za matatu za Sprinter. Hoja yake ilikuwa na mantiki kwa mtazamo wa kwanza: gari ni zito, tairi hii ni ngumu, imeandikwa 115, yaani kilo 1,215 kila moja, mambo kwisha. Nasikia ushauri huu kwa watu wengi wenye magari makubwa ya zamani na ningependa uachwe. Kilo hizo 1,215 tairi ya aina hiyo inazibeba ikiwa imejazwa upepo wa paundi zaidi ya 60. Ukiitia upepo wa gari la saluni, paundi thelathini na kitu, uwezo wake unashuka sana, na ukiijaza hadi 60 na kitu gari litaruka kwenye kila kiraka cha lami na ule ulaini uliolipia utakuwa umeutupa. Herufi yake ni R, mwisho 170. Ni ndefu kuliko ya asili kwa milimita 23 au zaidi, hivyo spidomita ikisoma 110 unakimbia karibu 114, na polisi hatapokea maelezo ya kipenyo. Tena raba yake imetengenezwa kwanza idumu chini ya mzigo. Kushika lami iliyolowa kwa saluni yenye V8 ya lita tano ni kazi nyingine kabisa.

Kishawishi kikubwa zaidi kilikuwa cha tatu: 235/60R16 100H, kipimo kilekile, kilo zilezile, bei nafuu. Hizi huuzwa kwa ajili ya magari kama Hyundai Tucson. Ukiwa na W126, S-Class nyepesi iliyotangulia hii, na unazunguka Lavington na Westlands tu, sina ugomvi na tairi ya H ya kipimo chake yenye jina zuri. Kwa S500 niliikataa. Gari hili lina uwezo wa kufika 250 na H inaishia 210. Aidha zile nilizooneshwa zilikuwa na vipande vikubwa vya raba vilivyoachana, vya kukanyaga njia ya vumbi, na vipande vya namna hiyo huvuma kwenye lami. Katika gari lililonyamaza kama hili, mvumo huo ndio utakaousikia siku nzima.

Basi nikaagiza Continental za 100W kupitia muuzaji wa Industrial Area. Tangu Sameer Africa walipoacha kutengeneza tairi za Yana hapa Nairobi mwaka 2016 tumezoea kusubiri mzigo wa nje, na huu ulinikalisha kuliko nilivyoahidiwa. Bei ilikuwa karibu mara mbili ya zile za H, na nusu unalipa kabla hujaona kitu. Zilipofika, moja ilikuwa ya zamani kuliko wenzake kwa tarakimu za DOT. Niliikataa, wakaibadilisha bila maneno, na kwa hilo nawapa alama nzuri.

Kufunga kulienda sawa. Fundi alitia valvu mpya, akabalansi zote nne, na boliti akazikaza kwa rinchi ya kipimo. Kwenye upepo ndipo nilipomsimamisha, maana alitaka kutia 35 mbele na nyuma kama anavyofanya kwa kila gari. Kipimo sahihi kimebandikwa ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, cha gari tupu na cha gari lililojaa, na viwili hivyo havilingani. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi.

Sasa barabarani. Kwenye Expressway, kutoka Mlolongo hadi Westlands, gari limerudia ukimya wake. Usukani, uliokuwa ukielea kidogo katikati, sasa unajibu mara moja. Kwenye kona za kuteremka Mai Mahiu ubavu haulali, na hapo ndipo niliona pesa yangu ilikoenda. Mvua imenikuta Thika Road na maji yamesimama. Nilifunga breki nyuma ya matatu iliyosimama bila taarifa na gari likasimama likiwa limenyooka. Kwenye matuta na kabro ni ngumu kidogo kuliko zile kuukuu, na abiria wa nyuma ameliona hilo. Mombasa nimeenda na familia nzima na mizigo. Nilipoegesha Voi nilizigusa kwa mkono: za moto, ndiyo, lakini zote nne sawasawa.

Kilichobaki ni spea. Iliyo kwenye buti ni ya umri wa zile nilizotoa, na haina maana kuacha kilo 800 za tumaini juu ya raba iliyokauka. Nimeshaagiza ya tano.