Wiki 12 za Kiingereza cha Biashara: Uzoefu Wangu

Kwa miaka sita nimekuwa nikinunua vikapu vya milulu kutoka kwa akina mama wasukaji wa Iringa na kuviuza Dar es Salaam, na muda wote huo niliamini kwamba Kiingereza nilichotoka nacho kidato cha nne kinanitosha. Nilisoma mchepuo wa sayansi. Ningeweza kueleza kwa Kiingereza jinsi moyo unavyosukuma damu, lakini sikuwahi kufundishwa kumwandikia mteja bei. Kilichonipeleka darasani ni hasara, nayo naieleza kwanza kwa sababu ndiyo niliyoitumia kuipima kozi.

Duka moja la zawadi lilikubali kupokea vikapu vyangu 40. Kila kimoja nilikuwa nimekinunua kwa shilingi 12,000, usafiri na kufungasha vikaongeza 3,000, na nilikusudia kulipwa 20,000. Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza, ukisema kwamba duka litabaki na "margin" ya asilimia 40. Neno hilo nililichukua kuwa faida, basi. Nikachukua 20,000 yangu, nikaiongezea asilimia 40, nikapata 28,000, nikaiandika kuwa bei ya kuuzia dukani na kutia saini. Malipo yalipokuja yalikuwa 16,800 kwa kikapu. Asilimia 40 ilikuwa imekatwa kwenye ile 28,000, kama mkataba ulivyosema, na duka halikunidhulumu hata senti moja. Kwa vikapu 40 nilipungukiwa shilingi 128,000.

Ndipo nikajiandikisha katika darasa la jioni la Kiingereza cha biashara, si mbali na Mnazi Mmoja: siku mbili kwa wiki, kwa wiki 12, kwa ada ya shilingi 240,000. Tulikuwa wanafunzi 14, wakiwemo wauza vipuri wa Kariakoo, fundi cherehani mmoja na vijana wawili wanaofanya kazi kwa wakala wa forodha.

Katika wiki ya tatu mwalimu alichora ubaoni mistari miwili. Wa kwanza aliuandika "markup", faida inayopimwa kwa bei ya kununulia. Wa pili "margin", faida inayopimwa kwa bei ya kuuzia. Kitu kilichokugharimu 15,000 ukikiuza 20,000, faida ni ile ile 5,000, lakini kwa kipimo cha kwanza ni asilimia 33 na kidogo, na kwa cha pili ni asilimia 25. Sisi tunasema "faida" kwa vyote viwili na tunaelewana, kwa kuwa sokoni tunataja shilingi, hatutaji asilimia. Nilinyoosha mkono nikasimulia habari ya vikapu. Mwalimu akaniambia, "Njoo uipige hesabu hiyo hapa mbele, mama, wenzako waione." Niliipiga, na naamini hakuna aliyekuwa darasani jioni ile atakayeyachanganya maneno hayo tena.

Hiyo ndiyo nguvu ya kozi hii. Kila neno linalohusu fedha na mzigo lilifundishwa juu ya karatasi halisi: profoma (ankara ya awali ya kumwonyesha mteja bei), ankara, hati ya kupokelea mzigo, barua ya kudai deni. Tulijifunza pia kwa nini wengi wetu tunakosea "borrow" na "lend": Kiswahili kinatumia shina moja, kukopa na kukopesha, na Kiingereza kina maneno mawili yasiyofanana kabisa.

Somo la masharti ya usafirishaji peke yake lilitosha kurudisha ada yangu. Masharti hayo hutolewa na Chemba ya Biashara ya Kimataifa yenye makao yake Paris. Yalichapishwa mara ya kwanza mwaka 1936, na toleo la mwaka 2020 lina masharti 11. Mwaka uliopita mnunuzi mmoja wa Uholanzi aliniomba bei ya "FOB Dar es Salaam". Mimi nikampa bei niliyoijumlishia nauli ya meli hadi Rotterdam, naye akanyamaza. Sasa najua kwamba chini ya sharti hilo gharama zangu zinakoma mzigo unapokwisha kupakiwa melini katika bandari yetu, na nauli ni juu yake. Ingekuwa "CIF", nauli na bima hadi bandari ya kwake zingekuwa juu yangu, ingawa hatari ya mzigo kuharibika ingemhamia mnunuzi tangu unapopakiwa. Jambo hilo la mwisho lilimshangaza hata kijana mmoja wa forodha.

Wiki nne za mwisho, za masoko, zilinisikitisha. Karatasi ziliwekwa kando, tukapewa orodha ndefu za maneno ya kukariri. Tuliambiwa kwamba nguzo za masoko ni nne na zote kwa Kiingereza huanza na herufi P, lakini ya tatu, "place", ilitafsiriwa kuwa mahali na kuachwa hapo, ilhali maana yake ni njia nzima ya kumfikishia mteja bidhaa: duka, wakala, mtandao, gari. Katika orodha moja "lead", mtu aliyeonyesha nia ya kununua, lilifuatana na "lead time", muda kuanzia oda hadi mzigo kuwa tayari, bila neno la kuyatofautisha. Kwa anayeuza vikapu vinavyosukwa kwa mkono, neno hilo la pili ni la kufa na kupona, na nililielewa baadaye kwa kumuuliza mwalimu mlangoni. Mazoezi ya kuzungumza kwa simu hayakuwapo kabisa, na wateja wa nje hupiga simu.

Muhula ujao nimemwandikisha mpwa wangu, ambaye ndiye anayetunza daftari langu la mauzo. Nimeuomba uongozi umruhusu alipie wiki nane za kwanza tu, nao wamekubali.