Kisanduku cha sifoni cha tangi la samaki: kinafaa, lakini tundu ni salama zaidi

Kisanduku hiki cha plastiki, ambacho huning'inizwa ukingoni mwa tangi na kuyavusha maji juu ya kioo kwa bomba lililopindwa hadi tangi la chini, kimeundwa vizuri, na kwa anayeishi nyumba ya kupanga hapa Malindi kina faida moja kubwa: hakidhuru kioo. Hata hivyo, siwezi kukipendekeza. Viputo vya hewa hujikusanya polepole kwenye kilele cha bomba, na vikizidi, mvuto wa maji hukatika, huku pampu inayoyarudisha maji kutoka tangi la chini ikiendelea kuyapandisha mpaka yafurike sakafuni. Umeme ukikatika na kurudi usiku wa manane, kila mtu amelala, hatari hiyo huongezeka.

Tundu linalotobolewa kwenye kioo cha tangi halina sifoni (huo mvuto wa maji ndani ya bomba lililopindwa) ya kupotea, kwa kuwa maji hushuka kwa uzito wake. Kazi yenyewe inataka keekee yenye kichwa cha almasi, izungushwe taratibu kioo kikimwagiwa maji. Kwanza mwulize fundi kama kioo kimeimarishwa kwa moto, kwani cha aina hiyo hupasuka chote kikitobolewa. Vyovyote utakavyochagua, acha nafasi katika tangi la chini kwa maji yatakayoshuka pampu ikizimika.