Ukumbini au ufukweni: tusomee wapi Mwanza?

Kama mna kikundi cha washairi na waigizaji chipukizi na mnatafuta pa kusomea kazi zenu jijini Mwanza, hamtakosa kubishana: tukodi ukumbi, au twende ufukweni?

Ukumbini sauti inafika. Anayesoma mbele ya watu kwa mara ya kwanza, karatasi ikimtetemeka mkononi, anasikika hata akinong'ona, na hadithi ya kurasa nne inaisha bila mtu kuinuka. Ila kodi ipo, na wanaokuja ni walewale: ndugu, marafiki, na waandishi wenzake wanaosubiri zamu yao.

Ufukweni ni habari nyingine. Upepo wa ziwa unapeperusha karatasi (zibaneni kwa jiwe, au someni kwenye simu), bodaboda zinapiga honi, muuza karanga anapita katikati ya ubeti. Lakini mpita njia anasimama. Wasukuma wanalijua hili tangu zamani: Bagika na Bagalu, vyama vyao viwili vya ngoma vinavyoshindana, hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na ushindi ni wa waliovuta watu wengi zaidi. Ukichosha, watu wanahamia kwa mwenzako, nawe unawaona wakienda.

Mimi nachagua ufukwe kwa mashairi, vichekesho na chochote chenye kiitikio. Hadithi ndefu ipelekeni ndani. Na mkiwa nje, anzeni saa kumi na moja; ikikaribia saa moja jua limezama, mbu wamefika, na maandishi hayasomeki tena.