Krismasi ya Mgahawani Moshi: Machalari ya Kusifiwa, Mbuzi Asiye na Mwenyewe

Tarehe 25 Desemba mwaka jana, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, niliipita njia panda ya Machame bila kukata kona ya kupanda mlimani. Paa la jiko la nyumba yetu ya kihambani, yaani shambani kwetu Machame, lilikuwa limeezuliwa kwa matengenezo, na mama, ambaye kwa miaka yote ndiye aliyesimamia mapishi ya sikukuu, sasa anaishi nami Arusha kwa sababu magoti hayamruhusu tena kupanda na kushuka migombani. Dada yangu alipendekeza tukutane Moshi mjini, katika mgahawa mmoja unaopika chakula cha sikukuu cha Kichaga kwa wateja wanaotoa oda siku tatu kabla. Jina la mgahawa nitalihifadhi, kwa kuwa nina malalamiko, na siku ile walikuwa na wateja wengi kupita uwezo wao.

Tulikuwa watu 11. Tulianza na mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, ambao ulikuwa laini na wa moto, na sina zaidi la kusema juu yake. Machalari ndiyo yaliyoninyamazisha. Yalipikwa kwa ndizi mchare zilizobaki nzima bila kuvurugika, nyama ya ng'ombe yenye mafuta kidogo, kitunguu na nyanya, wala hayakutiwa nazi, jambo ambalo migahawa mingi ya mjini hulifanya siku hizi kana kwamba ndizi peke yake haitoshi. Mama aliyaonja, hakusema neno, akasogeza sahani yake aongezwe. Wanaomfahamu wanajua kwamba hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote anazoweza kumpa mpishi asiye binti yake.

Harufu ya ndizi zile ilinirudisha kwenye jioni za tarehe 24, tulipokuwa tukikalishwa watoto wote kuzunguka karai, kila mmoja na kisu chake, tukimenya mikungu miwili kwa ajili ya wageni wa kesho yake. Tuliambiwa tujipake mafuta mikononi kwanza ili utomvu usigande, lakini kila mwaka yupo aliyesahau, na kila mwaka nilikuwa mimi. Kwa hiyo kumbukumbu yangu ya ibada ya Krismasi ni ya gauni jeupe lililoshonwa na fundi wa Kiboriloni, viatu vipya vinavyobana, na vidole vyeusi nilivyovificha chini ya kitabu cha nyimbo hadi mchungaji alipotoa baraka.

Viatu hivyo vilitokana na kahawa. Nalikumbuka hilo kwa sababu ukutani, juu ya meza yetu, wenye mgahawa wametundika gunia kuukuu lenye herufi za KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoundwa mwaka 1933. Kwa wageni hilo ni pambo tu. Kwa kaka yangu na mimi lilikuwa kalenda: malipo ya kahawa yakija mapema, tulipata viatu na soksi, yakichelewa, tulipata soksi.

Kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, hakikuwa kizuri, maana maharage hayakuiva na yalibaki yakigongana na meno. Pilau ilikuwa ya kawaida na watoto waliimaliza.

Lawama yangu ya kwanza ni mbege. Kinywaji hiki hakipikwi kwa haraka: ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zichache kwa siku kadhaa, kisha maji yake huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na gome la mti wa msesewe hutiwa ili kuleta ule uchungu unaoukata utamu. Tuliyoletewa ilikuwa tamu kama togwa, msesewe haukusikika kabisa, na ilitoka kwenye friji ikiwa ndani ya glasi za soda. Mhudumu alipoulizwa kama kuna kata, kile kibuyu cha kunywea mbege, alidhani tunataka upawa, akatuletea upawa kwa heshima kubwa. Tulicheka, naye akacheka, lakini bei ya shilingi 4,000 kwa glasi haikutuchekesha.

Muziki nao ulikuwa wa juu mno. Kwetu Machame, ambako wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893 na kuacha miongoni mwa mambo mengine upendo usiopungua wa matarumbeta, asubuhi ya Krismasi ilianza kwa kuyasikia yakilia kwa mbali kabla jua halijachomoza, nasi tukaanza kugombania beseni la kuogea. Sikutarajia mgahawa uniletee tarumbeta. Nilitarajia tu niweze kumsikia shangazi aliyeketi mbele yangu.

Sasa nifike kwenye ndafu, mbuzi wa kuchomwa mzima, ambayo tuliilipia shilingi 320,000 na ndiyo iliyotupeleka pale. Mbuzi alichomwa vizuri, ngozi ikiwa kavu na nyama ya ndani ikiwa na maji yake. Hata hivyo aliletwa akiwa amekwisha kukatwakatwa vipande vilivyolingana, vimerundikwa kwenye sinia pamoja na ndimu na pilipili, kama nyama ya kilo inayouzwa baa. Kimya kiliishika meza, na mhudumu hakuelewa kosa lake ni nini. Nyumbani, nyama ya Krismasi ilikuwa na wenyewe kabla mbuzi hajachinjwa: kidari kilikuwa cha babu, na baada yake kikawa cha baba, kiuno kilikuwa cha mama, shingo ilikwenda kwa aliyechinja, maini yalichomwa ya kwanza na kugawiwa watoto, na damu iliingia kwenye kisusio, supu waliyokunywa wanaume wakiwa bado wamesimama. Kipande kimoja cha paja kilivuka ua wa mimea ya masale kwenda kwa jirani, hata katika mwaka ule baba na jirani walipokuwa hawasalimiani kwa sababu ya zamu ya maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba.

Kaka yangu alikwenda jikoni kulalamika. Alirudi na mpishi mwenyewe, mzee wa Rombo aliyefunga aproni, ambaye aliitazama sinia, akatutazama, kisha akauliza, "Mkubwa wenu hapa ni nani?" Tukamwonyesha mama. Alivuta kiti, akaomba radhi kwamba kijana wake wa jikoni si wa huku, akaanza kuchambua vipande vile kimoja kimoja kwa ncha ya kisu hadi akakijenga upya kidari, akamwekea mama kwa mikono miwili. "Pokea, mama. Na wewe mangi, hii shingo ni yako, kwa kuwa ndiye uliyekuja kunigombeza." Alikaa nasi robo saa nzima, huku oda za watu wengine zikimngoja.

Lawama yangu ya mwisho ni bili, ambayo ilikuja na shilingi 30,000 za "meza ya sikukuu" ambazo hatukuelezwa wakati wa kutoa oda, ulizeni mapema. Ulizeni pia kama mzee wa Rombo yuko zamu, na mwambieni asikate mbuzi mpaka mfike.

Tulipoinuka, mama aliomba karatasi ya foili, akafunga kipande cha paja na mbavu mbili, akakiweka kifurushi mapajani. Nilidhani ni cha njiani. Tulipofika njia panda ya Machame alimgusa dereva begani na kumwambia akate kona, kwa sababu jirani alikuwa hajapata ya kwake.